Rupia, Diwani na Shamba la Miembe: Jinsi Vita vya India Vilivyofika Kisumu

Mwezi uliopita baba yangu mdogo aliniita nyumbani kwake Kisumu nimsaidie kupanga karatasi za kiwanja ambacho familia yetu imekishikilia tangu kabla sijazaliwa. Karatasi hizo zilikuwa ndani ya sanduku la bati, zimekunjwa mara nne, na nyingine zilikuwa zimeliwa pembeni na mende. Katika hati moja ya zamani ya ukodishaji tulikuta sentensi iliyosema kwamba makubaliano yale yaliongozwa na Sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma historia. India imeingiaje katika kiwanja chetu?"

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache kuhusu reli, naye akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu reli ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine inaanzia katika shamba la miembe huko Bengal, mashariki mwa India, miaka 144 kabla ya treni ya kwanza kufika ziwani kwetu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa utaratibu.

Walioiteka India hawakuwa serikali ya Uingereza. Walikuwa wafanyabiashara. Kampuni ya India Mashariki ilipewa hati na Malkia Elizabeth wa Kwanza tarehe 31 Desemba 1600, na kwa karibu miaka 150 ilifanya biashara kwa ruhusa ya watawala wa Kimughal, ukoo wa wafalme uliotawala sehemu kubwa ya India, ikinunua nguo za pamba na hariri na kulipa kwa fedha halisi iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Mfalme Aurangzeb alipofariki mwaka 1707, dola ya Mughal ilianza kulegea. Magavana wa mikoa, walioitwa nawabu, wakajitawala huku wakiendelea kumtaja mfalme wa Delhi kwa heshima. Bengal ndio uliokuwa mkoa tajiri kuliko yote.

Nawabu wa Bengal, kijana aitwaye Siraj ud-Daulah, aliiteka ngome ya Kampuni mjini Calcutta mwezi Juni 1756 baada ya Waingereza kuiimarisha bila idhini yake. Kampuni ikamtuma Robert Clive kutoka Madras, naye akaurudisha mji huo mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Yaliyotokea baadaye, tarehe 23 Juni 1757, ndiyo vitabu vinavyoyaita vita vya Plassey. Clive alikuwa na askari wapatao 3,000, na theluthi mbili yao walikuwa sipahi, yaani askari wa Kihindi waliolipwa na Kampuni. Nawabu alikuwa na watu wanaokadiriwa kufika 50,000. Waingereza walijificha ndani ya shamba la miembe kando ya mto, shamba lililoitwa Laksha Bagh, maana yake bustani ya miti laki moja. Adhuhuri mvua kubwa ikanyesha. Watu wa Clive walifunika baruti yao kwa maturubai. Watu wa nawabu hawakufunika, na mizinga yao ikanyamaza. Mir Madan, kamanda mwaminifu wa nawabu, aliuawa kwa mzinga, na kufikia jioni Siraj alikuwa amekwisha kukimbia. Upande wa Kampuni walikufa watu ishirini na kitu.

Nasita kuviita vita. Sehemu kubwa ya jeshi la nawabu ilisimama kando siku nzima bila kufyatua risasi, kwa kuwa jemadari wake Mir Jafar alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa siri na Clive. Walioshona njama ile pamoja naye walikuwa matajiri wa fedha wa Murshidabad, ukoo wa Jagat Seth, ambao hazina ya Bengal ilipita mikononi mwao. Mfanyabiashara mmoja, Omichund, alitishia kuifichua njama hiyo asipoahidiwa fungu lake. Clive alitengeneza mikataba miwili: mmoja kwenye karatasi nyeupe, ambao ulikuwa wa kweli, na mwingine kwenye karatasi nyekundu, ambao ulikuwa wa uongo na uliandikwa ili Omichund auone jina lake. Admirali Watson, kamanda wa meli za Waingereza, alikataa kuutia sahihi ule mwekundu, na sahihi yake ikaghushiwa. Ukiniuliza ushindi wa Plassey ulipatikana wapi, nitakujibu kwamba ulipatikana juu ya meza ya kuandikia, siku kadhaa kabla ya mvua ile.

Siraj aliuawa siku chache baadaye, na Mir Jafar akakalishwa kitini. Clive peke yake aliondoka na zawadi ya pauni 234,000. Miaka kumi na sita baadaye, alipohojiwa na Bunge la London, alisema kwamba alijishangaa mwenyewe kwa kiasi alichojizuia.

Hata hivyo, jambo lenye uzito kuliko Plassey ni lile lililotokea Buxar, na linanisikitisha kwamba watu wengi wanalijua la kwanza na hawajawahi kulisikia la pili. Mir Jafar alipokosa fedha za kuwaridhisha waliomweka, Kampuni ilimwondoa mwaka 1760 na kumweka mkwewe, Mir Qasim, mtu mwenye akili na bidii. Mir Qasim aliona kwamba maofisa wa Kampuni walikuwa wakisafirisha bidhaa zao binafsi bila kulipa ushuru wa njiani, ilhali wafanyabiashara wa Kibengali waliotumia barabara na mito ileile walilipishwa. Alilalamika, hakusikilizwa. Basi mwaka 1763 akafanya jambo ambalo nalistahi hadi leo: alifuta ushuru kwa watu wote, wageni na wenyeji, ili biashara iwe ya haki. Kampuni ilimpiga vita kwa sababu ya usawa huo.

Mir Qasim aliungana na nawabu wa Awadh, Shuja ud-Daulah, na mfalme wa Mughal mwenyewe, Shah Alam wa Pili. Tarehe 22 Oktoba 1764 jeshi lao lilikutana na askari wapatao 7,000 wa Meja Hector Munro huko Buxar. Safari hii hapakuwa na jemadari aliyesimama pembeni. Watu walipigana kwelikweli, waliuawa mamia kwa maelfu, na Kampuni ikashinda. Kisha, tarehe 12 Agosti 1765, katika mkataba wa Allahabad, mfalme akaikabidhi Kampuni diwani ya Bengal, Bihar na Orissa.

Neno hilo lisomwe polepole. Sisi Kenya tulizoea kumwita diwani yule mwakilishi wa wadi anayeketi katika baraza la mji. Katika utawala wa Mughal, diwani lilikuwa jina la cheo cha msimamizi wa mapato, na hati aliyotoa Shah Alam ilikuwa haki ya kukusanya kodi ya nchi nzima kwa jina la mfalme. Mfalme aliahidiwa rupia laki 26 kwa mwaka. Zilizobaki zilikuwa za Kampuni. Tangu siku ile meli hazikuhitaji tena kubeba fedha nyingi kutoka Uingereza. Mkulima wa Bengal alilipa kodi, na kwa kodi hiyohiyo Kampuni ilinunua nguo za mfumaji wa Bengal, ikazipeleka London kuuza. Mbengali alilipwa kwa fedha yake mwenyewe. Na kwa kodi hiyohiyo wakalipwa masipahi waliokwenda kuteka mikoa mingine, ambayo nayo ilitoza kodi ya kuwalipa masipahi wengine.

Njaa ilipoikumba Bengal mwaka 1770, baada ya mvua kukosekana, mashine hiyo haikusimama. Warren Hastings, aliyekuwa gavana, aliwaandikia wakubwa wake mwaka 1772 kwamba angalau theluthi moja ya wakazi wa mkoa walikuwa wamekufa, na kwamba hata hivyo mapato ya mwaka 1771 yalizidi yale ya mwaka 1768. Nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi, na kila mara huwa naweka kitabu chini kwa muda. Yeye mwenyewe alieleza kwamba makusanyo hayo yalitokana na kushikiliwa kwa nguvu katika kiwango cha awali.

Nitapita haraka kusini na magharibi mwa India, ingawa walioko huko walipigana kwa ushujaa mkubwa. Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan wa Mysore waliliangamiza jeshi zima la Kanali Baillie huko Pollilur mwezi Septemba 1780, wakitumia pia maroketi ya mabomba ya chuma ambayo Waingereza hawakuwa wamewahi kukabiliana na mfano wake. Tipu aliuawa akiutetea mji wake wa Seringapatam tarehe 4 Mei 1799. Wamaratha, waliokuwa wamekwisha kujeruhiwa vibaya na Waafghani huko Panipat mwaka 1761, walishindwa Assaye mwaka 1803, na nguvu yao ikavunjwa kabisa mwaka 1818.

Punjab ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Kisumu. Maharaja Ranjit Singh alijenga huko dola ya Masingasinga yenye jeshi lililofunzwa kwa mtindo wa Kizungu, na alipokuwa hai Waingereza hawakuthubutu kuvuka mto Sutlej. Alifariki mwaka 1839, warithi wakauana, na Kampuni ikaona nafasi yake. Huko Sobraon, tarehe 10 Februari 1846, daraja la mashua lilivunjika nyuma ya jeshi la Punjab na maelfu wakafa majini. Vita vya pili vilikuwa vigumu zaidi: Chillianwala, mwezi Januari 1849, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Lakini mwezi uliofuata walishinda Gujrat, na tarehe 29 Machi 1849 Punjab ikatangazwa kuwa mali ya Kampuni. Mtoto aliyekuwa mfalme, Duleep Singh, alikuwa na umri wa miaka kumi tu alipoitia sahihi hati iliyomnyang'anya nchi na almasi ya Koh-i-Noor.

Miaka minane baadaye masipahi wa jeshi la Bengal waliasi. Chanzo cha karibu kilikuwa risasi za bunduki mpya ambazo karatasi yake ilisemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na ilibidi askari aing'ate kwa meno. Chanzo cha mbali kilikuwa ardhi zilizonyakuliwa, hasa Awadh iliyotwaliwa mwaka 1856, ambako wengi wa masipahi hao walizaliwa. Maasi yalianza Meerut tarehe 10 Mei 1857, yakaenea Delhi, Kanpur, Lucknow na Jhansi, ambako Rani Lakshmibai aliongoza watu wake hadi alipouawa karibu na Gwalior mwezi Juni 1858. Delhi ilirudishwa mikononi mwa Waingereza mwezi Septemba 1857, na miongoni mwa waliosaidia kuirudisha walikuwa askari wa Punjab, ambayo haikuwa imemaliza hata miaka kumi tangu itekwe. Mfalme wa mwisho wa Mughal, mzee Bahadur Shah Zafar, alipelekwa uhamishoni Rangoon, akafia huko mwaka 1862. Kampuni ilivuliwa utawala mwaka 1858, na India ikawa chini ya Malkia.

Ninapofika hapa huwa nakumbuka kwamba masomo waliyoyapata Waingereza mwaka 1857 yalitufikia sisi. Walijifunza kuiamini Punjab kama chimbuko la askari. Walijifunza kutandika reli ili majeshi yasafiri haraka, maana treni ya kwanza ya abiria nchini humo, ile ya kutoka Bombay hadi Thane mwaka 1853, ilikuwa na umri wa miaka minne tu maasi yalipoanza. Pia walijifunza kuandika sheria kwa vitabu vilivyoweza kubebwa na kutumiwa popote: Kanuni ya Adhabu mwaka 1860, Sheria ya Ushahidi mwaka 1872, na hiyo ya Uhamishaji wa Mali mwaka 1882.

Reli ya Uganda ilipoanza Mombasa mwaka 1896, vitu vyake vingi vilikuwa na asili ya India. Upana wa reli ulikuwa ule wa mita moja uliotumika India, ili mabehewa na injini viweze kuletwa kutoka huko. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kwa mikataba ya miaka mitatu, wengi wao kutoka Punjab, wajukuu wa watu walioiona nchi yao ikitwaliwa mwaka 1849. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilifika kwenye ufuo wetu mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi, na ambapo kwa wakati huo palikuwa bado sehemu ya Uganda, hadi mwezi Aprili 1902. Baadhi ya waliobaki walifungua maduka, wengine wakalima miwa upande wa Kibos, na wajukuu wao ndio wale ambao wazee wetu waliwaita Makalasinga, mafundi wa seremala na magari ambao hakuna mtu wa rika la baba mdogo asiyewakumbuka.

Pamoja nao ilikuja rupia. Kodi ya nyumba katika nchi hii ilidaiwa kwa rupia, na rupia ndiyo iliyobaki fedha halali hadi mwaka 1920. Babu zetu walitoka kwenda kufanya kazi za mshahara kwa sababu rupia haikuota shambani, na hapo ndipo ninapoiona diwani ya mwaka 1765 ikisimama mlangoni pa nyumba ya Mluo na ya Mluhya. Mwanzoni rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Neno lenyewe "pesa" linatokana na paisa ya Kihindi, na "laki" tunayoihesabia bei za viwanja inatokana na lakh ileile iliyolipa jina lake shamba la miembe la Plassey.

Wapo wanaomlinganisha Nabongo Mumia wa Wanga na Mir Jafar, kwa kuwa aliwapokea Waingereza mji wake ulipokuwa kituo chao, na wapiganaji wake walikuwamo katika kampeni ya mwaka 1895 dhidi ya Wabukusu, iliyomalizikia kwenye ngome ya Chetambe karibu na Webuye ya leo. Mimi sikubaliani na ulinganisho huo. Mir Jafar alikuwa jemadari aliyekula kiapo kwa nawabu wake, kisha akamuuza kwa ajili ya kiti. Mumia alikuwa mfalme, hakuwa na bwana wa kumsaliti, na alifanya hesabu ambayo watawala wengi wa India nao waliifanya: kwamba mgeni mwenye bunduki angeweza kumfaa dhidi ya jirani. Hesabu hiyo iliharibika baadaye, lakini kuiita usaliti ni kumhukumu kwa taifa ambalo halikuwa limezaliwa. Nikitafuta mfano wa karatasi nyekundu ya Clive katika nchi yetu, nauona Nandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alitoka kukutana na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, kwa mazungumzo ya amani, na akapigwa risasi palepale.

Upande wa pili wa jambo hili nilisimuliwa na babu yangu. Alikuwa askari wa King's African Rifles, na mwaka 1944 alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika hadi ikavuka mto Chindwin. Alikuwa akisimulia matope na malaria kuliko alivyosimulia risasi. Alisema pia kwamba jioni walikaa na askari wa Kihindi waliojua maneno machache ya Kiswahili, maana ndugu zao walikuwa na maduka Mombasa na Kisumu, na kwamba askari hao walimwambia waziwazi kuwa vita vikiisha, wao hawatatawaliwa tena. Alishangaa kusikia mtu akisema hivyo akiwa amevaa sare ya Mfalme. Mimi sishangai. Amritsar, mji wa Punjab, ndipo Jenerali Dyer wa jeshi la Waingereza alipowaamuru askari wake kufyatua risasi 1,650 juu ya umati usio na silaha tarehe 13 Aprili 1919, na watu 379 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Sidhani kuna Mpunjabi wa rika lile ambaye hakulelewa na habari hiyo. Tarehe 15 Agosti 1947 India ikawa huru, na Punjab iliyoijenga reli yetu ikakatwa vipande viwili kati ya India na Pakistan, kwa damu nyingi.

Sheria zao zilibaki kwetu muda mrefu zaidi. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika Kenya hadi mwaka 1930. Ile ya Ushahidi ilidumu hadi mwaka 1963. Ile ya Uhamishaji wa Mali, iliyotajwa katika hati ya baba mdogo, ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, yaani miaka 65 baada ya Waingereza kuondoka India na miaka 49 baada ya sisi kupata uhuru.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa baba mdogo nikamweleza haya yote, kuanzia miembe hadi Chindwin. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba wakili amemwahidi hati mpya, na kwamba ile ya zamani haina kazi tena. Nilimwomba anipe mimi niihifadhi. Aliikunjua juu ya meza, akaisoma tena ile sentensi ya mwaka 1882, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akanipa.